Nywele zikianguka, kichwa kipelekwe kwa nani?

Goma – Anayekimbia vita habebi kichana. Anabeba watoto, sufuria, blanketi, na kadi ya mpiga kura kama alipata dakika moja ya kuitafuta. Ni baada ya miezi kadhaa, akiwa tayari amepata pa kulala, ndipo anagundua kwamba kichwa chake si kile alichotoka nacho kijijini. Nywele zinabaki mkononi wakati wa kuoga. Mtoto anajikuna usiku kucha. Mwingine anarudishwa kutoka masomo kwa sababu mwalimu ameona duara nyeupe juu ya sikio.

Habari kama hizo hazisikilizwi sana. Mtu akisema nywele zinamwanguka, wenzake wanamjibu: "Tushukuru kichwa bado kipo." Wanacheka, na mambo yanaishia hapo. Kila mmoja anafunga kitambaa chake vizuri na kuendelea na kazi.

Lakini wanaouza dawa za nywele wanasikiliza sana. Katika mitaa ya Mugunga, Ndosho na Kyeshero, ambako familia nyingi za wahami zimepokelewa na jamaa na marafiki, wapo wanaopita mlango kwa mlango, wapo sokoni, wapo kwenye simu. Kila mmoja anajiita mtaalamu. Basi swali linabaki kwa mwenye kichwa: kati ya hao wote, aende kwa nani?

Mama mmoja aliyetoka milima ya Masisi alilazimika kujibu swali hilo akiwa na dola 20 tu. Anaishi na watoto wake watatu katika chumba kimoja cha nyumba ya mbao, kwenye parsele ya mama mmoja mkubwa wa ukoo wa mume wake. Feza hizo alizipata kwa kufulia watu nguo. Alikuwa amezifunga kwenye pembe ya kitenge.

Katika chumba hicho vichwa vitatu vilikuwa na shida. Kijana wake wa miaka 8 alikuwa na maduara mawili yenye magamba, na mwalimu alikuwa amemwambia asirudi darasani mpaka apone. Yeye mwenyewe, aliyejifungua miezi minne iliyopita, alikuwa akiokota nywele zake kwenye mkeka kila asubuhi, na pembeni ya paji la uso ngozi ilianza kuonekana. Msichana wake wa miaka miwili na nusu alikuwa na nywele nyekundu, laini, chache. Kwa huyo hakuna aliyehangaika. Watu walisema ni rangi ya ukoo.

Kijana mwenye mkoba alipita siku ya soko. Alionyesha picha kwenye simu yake: upande wa kushoto kichwa chenye upara, upande wa kulia kichwa chenye nywele tele. Alikuwa na chupa ndogo ya mafuta, sabuni nyeusi na unga wa majani. Bei ya vyote ni dola 25, lakini kwa mama mhami alikubali 20. Hakugusa kichwa cha mtu yeyote. Aliangalia akiwa mlangoni na kusema: "Mama, wote hapa ni ugonjwa mmoja. Ni fangasi ya damu."

Mama alianza kufungua pembe ya kitenge. Mwenye parsele, aliyekuwa akichagua maharagi nje, alimwambia bila kuinua macho: "Mwanangu, usimpe leo. Feza haziozi."

Asubuhi iliyofuata alikwenda kituo cha afya pamoja na watoto wote watatu, akalipa fishi, akangoja.

Kwanza inafaa kuelewa wale ambao watu huwaendea kabla ya kituo cha afya, kwa sababu wote si wabaya, na kila mmoja ana anachokijua.

Mwenye saluni anajua nywele. Anaona vichwa vingi kwa siku moja, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuona kidonda au upara mahali ambapo mwenye kichwa hawezi kujiona. Mwenye saluni mwema anasema: "Dada, hapa sisuki leo, nenda kaonyeshe muganga kwanza." Lakini ngozi iliyo chini ya nywele si kazi yake. Akianza kuuza dawa ya ugonjwa ambao yeye mwenyewe ameutaja, amevuka mpaka.

Mwenye farmasi anajua dawa zilizo kwenye rafu. Shida ni kwamba mara nyingi anauza bila kuangalia. Tubu inayotoka sana ni ile yenye dawa tatu ndani yake: moja ya kuua kuvu, moja ya kuua vijidudu, na moja ya aina ya kortizoni. Hiyo kortizoni inaondoa wekundu na mwasho kwa siku chache, mtu anadhani amepona, na huku kuvu inaendelea kutembea chini kwa chini. Akiacha kupaka, ugonjwa unarudi ukiwa na sura nyingine, na hata muganga mzoefu anaweza kupata taabu kuutambua.

Mzee wa dawa za miti anaheshimiwa, na majani mengine hayana ubaya. Lakini kuna vitu vinavyopakwa vichwani ambavyo vinaumiza: petroli ya taa kwa ajili ya chawa, kitunguu saumu kibichi kinachoachwa usiku mzima mpaka ngozi inaungua, majivu juu ya kidonda kinachotoa usaha. Kichwa cha mtoto kikiungua namna hiyo, mahali palipobaki kovu nywele hazitaota tena.

Muuzaji wa mkoba, yeye, anajua kuuza.

Katika kituo cha afya, muganga, mwanamke wa makamo mwenye miwani, hakuuliza kwanza wana shilingi ngapi wala franka ngapi. Aliwaketisha kwenye benchi karibu na dirisha, kwenye mwanga, akaanza na kijana. Alipapasa nyuma ya shingo, akakuta tezi ndogo zimevimba. Alitenga nywele kwa vidole na kuonyesha mama: nywele zilizo ndani ya duara hazikung'oka, zimekatika karibu na ngozi, zimebaki kama vidoa.

"Haya ni mapunye," alisema. "Kwa Kifaransa wanaita teigne. Ulimpaka nini?"

"Tubu ya farmasi, muganga. Tubu mbili."

"Na hazikumponyesha."

"Hapana."

Sababu ni rahisi, na kila mzazi anapaswa kuijua. Kuvu ya mapunye inaingia ndani ya unywele wenyewe, mpaka kwenye mzizi. Mafuta ya kupaka hayafiki huko. Ndiyo maana mapunye ya kichwa yanatibiwa kwa vidonge. Dawa inayotumiwa sana ni griseofulvini, kipimo chake kinafuata kilo za mtoto, na inamezwa kila siku kwa muda wa majuma 6 au zaidi. Inaingia vizuri mwilini ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Kwa hapa kwetu Kivu, avoka au mboga yenye mawese inatosha. Mwanamke mwenye mimba haimezi. Dawa ya kupaka na sabuni ya dawa zinasaidia kupunguza kuambukiza wengine, lakini peke yake haziponyeshi.

Muganga aliongeza mambo mawili. La kwanza, mapunye yakivimba na kuwa kama jipu laini lenye usaha, lisipasuliwe kwa wembe. Linaonekana kama jipu, lakini dawa yake ni ile ile ya kumeza, na mtoto apelekwe haraka kwa sababu likikaa linaacha kovu na upara wa maisha yote. La pili, mtoto aliyeanza vidonge hana sababu ya kukaa nyumbani miezi miwili. Aliandika karatasi kwa ajili ya mkurugenzi wa masomo: mtoto ameanza dawa, anaweza kurudi, asibadilishane kofia wala kichana na wenzake.

Kiisha aligeukia msichana mdogo.

"Na huyu?"

"Huyu hana kitu, muganga. Nywele zake ni nyekundu tu, kama za shangazi yake."

Muganga alivuta unywele mmoja mmoja kwa vidole viwili. Zilitoka bila mtoto kulia. Alimketisha juu ya meza, akashika miguu yote miwili, akabonyeza juu ya nyayo kwa vidole gumba huku akihesabu sekunde tatu. Alipoondoa vidole, mashimo mawili yalibaki. Mama aliyaangalia, kiisha akamwangalia muganga.

Alikuwa amemwachisha ziwa mapema alipopata mimba ya mdogo wake, na tangu walipofika mjini chakula kilikuwa ugali wa muhogo na sombe, siku nyingine ugali na chumvi. Aliona miguu imenona. Alifurahi kwamba angalau mmoja ananenepa.

Wazee wa Kivu wanaujua ugonjwa huo kwa jina la bwaki. Bukavu kuna hata shirika lililojipa jina la Comité Anti-Bwaki. Katika vitabu vya waganga unaitwa kwashiorkor, jina lililotoka kwa watu wa Ghana. Daktari Cicely Williams aliyefanya kazi huko ndiye aliyelitia katika maandishi ya waganga miaka ya 1930, na wenyeji walimweleza maana yake: ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anazaliwa. Jina lenyewe linasema hadithi nzima ya chumba kile cha mbao.

Mtoto mwenye bwaki hakondi kila mara. Anavimba miguu, kiisha mikono na uso. Ngozi inabambuka. Hana furaha ya kucheza. Nywele zinakuwa nyekundu, laini, zinang'oka bila nguvu. Ule ukanda wa rangi unaofungwa mkononi unasaidia kupima, na chini ya milimita 115 ni hatari, lakini mtoto aliyevimba miguu yote miwili anahesabiwa kuwa na utapiamlo mkali hata kama ukanda unaonyesha rangi nzuri. Kwa hiyo mzazi asingoje ukanda. Abonyeze miguu.

Muganga alimpa mtoto kifuko cha chakula cha karanga ili aone kama ana hamu ya kula. Alikimaliza akilamba vidole. Hiyo ilikuwa habari njema, maana mtoto anayekataa kula, au aliyevimba mwili mzima, au mwenye homa kali, analazwa hospitalini. Huyu aliandikishwa katika kitengo cha utapiamlo cha kituo hicho, arudi kila juma kupimwa na kupewa vifuko vingine. Kwa matibabu hayo mama hakulipa kitu.

Kama zile dola 20 zingekwenda kwenye mkoba wa kijana yule, kichwa cha mtoto kingepakwa mafuta na miguu ingeendelea kuvimba.

Zamu ya mama ilikuja mwisho. Alitoa kitambaa kwa aibu. Muganga aliuliza alijifungua lini, alipata malaria lini mara ya mwisho, anakula nini, anasuka namna gani. Aliangalia ndani ya kope za chini kuona kama damu imepungua. Aliangalia shingo, kwa sababu tezi ya shingo ikiwa na shida nywele pia zinaanguka. Huku kwenye Ziwa Kivu uvimbe wa shingo ni habari ya zamani. Kisiwa cha Idjwi kilifanyiwa uchunguzi na waganga kwa miaka mingi kwa sababu hiyo.

Jibu lake lilikuwa fupi: "Mama, kwa hizi zinazoanguka sina dawa, na hauhitaji dawa."

Alieleza hivi. Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000, na kila siku nywele kati ya 50 na 100 zinaanguka bila ugonjwa wowote. Mwili ukipata mshituko mkubwa, kama uzazi, homa kali, njaa au msiba, nywele nyingi zinaacha kuota kwa wakati mmoja, na zinaanguka pamoja baada ya miezi miwili au mitatu. Ndiyo maana mtu hakumbuki sababu. Anafikiri juu ya sabuni aliyoibadilisha juma lililopita, kumbe ni ile safari ya usiku kutoka kijijini. Mizizi haijafa. Kwa kawaida baada ya nusu mwaka hivi zinaanza kujaa tena, na kwa sababu unywele unaota kama sentimita moja kwa mwezi, lazima kuwa na subira. Aliandikiwa vidonge vya madini ya chuma kwa sababu kope zake zilikuwa zimefifia.

Kuhusu zile za pembeni mwa paji la uso, muganga alimwambia jambo jingine. Hizo hazikuanguka kwa njaa. Zilivutwa. Meshi zilizosukwa kwa kukaza, zikikaa majuma mengi, zinang'oa nywele za mbele na za kando. Ukisuka na usiku ule kichwa kinauma, au vipele vidogo vinatokea kwenye mstari wa nywele, msuko umekaza kupita kiasi. Ukiacha mapema, zinarudi. Ukiendelea miaka, ngozi inakuwa laini na kung'aa, matundu ya nywele yanajifunga, na hapo hakuna mafuta yatakayoyafungua.

Kwa hiyo vichwa vitatu vya nyumba moja vilikuwa na shida nne, na hakuna hata moja iliyohitaji daktari bingwa. Anfirmie aliyeketi karibu na dirisha alitosha.

Lakini kulikuwa na kichwa cha nne kwenye parsele ile.

Mwenye parsele, yule aliyesema feza haziozi, alikuwa na upara katikati ya utosi kwa zaidi ya miaka miwili. Ulianza kama shilingi moja na sasa ulikuwa kama kiganja. Wakati mwingine palimuunguza na kumchoma kama sindano. Yeye alisema ni uzee. Aliposikia mambo ya dirishani, alikwenda naye siku ya kupima mtoto, akatoa kitambaa. Muganga aliangalia muda mrefu, akasema: "Mama, hapa mimi ninafika mwisho. Ngozi inafanya kovu. Inafaa uonwe na daktari wa ngozi."

Hiyo ndiyo tofauti ambayo wakaaji wengi hawaijui. Kuna upara ambao mizizi inalala, na kuna upara ambao mizizi inakufa. Wa kwanza unaweza kungoja. Wa pili haungoji. Upara unaoanza utosini na kupanuka polepole, wenye kuunguza, unawapata zaidi wanawake weusi. Watu wamezoea kusema ni kosa la dawa za kulainisha nywele na joto la vyuma, lakini mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba kwa baadhi ya wanawake kuna urithi ndani yake, katika jeni inayoitwa PADI3. Mwanamke asilaumiwe kabla hajaangaliwa. Kazi ya daktari hapo ni kuzuia ugonjwa usiendelee. Nywele zilizokwisha kufa mizizi hazirudi, na daktari wa kweli anamwambia mgonjwa hivyo siku ya kwanza.

Madaktari wa ngozi ni wachache nchini na wengi wao wako Kinshasa. Mwenye parsele alianzia hospitali kuu, akaonwa na daktari wa kawaida, akapewa barua, akangoja siku ambayo daktari wa ngozi anapokea wagonjwa. Alingoja majuma matano. Daktari alikata kipande kidogo cha ngozi ya kichwa, kidogo kuliko punje ya mchele, kipelekwe labo. Matibabu yameanza. Kuunguza kumepungua. Upara upo pale pale, na yeye anasema hilo limemtosha, kwa sababu haupanuki.

Kwa hiyo ngazi ya kwanza kwa watu wengi ni kituo cha afya. Chawa, mapunye, vipele vya baada ya kunyolewa, nywele za baada ya uzazi au homa, bwaki: yote hayo anfirmie anaweza kuyaanza. Ngazi ya pili ni daktari wa hospitali, pale ambapo inahitajika kupima damu: tezi ya shingo, kupungukiwa damu, kaswende, virusi vya ukimwi. Nywele zinazoanguka kwa vipande vidogo vidogo, kama nguo iliyoliwa na nondo, zinaweza kuwa kaswende, na kaswende inatibika kwa sindano za penisilini. Nyusi zikipotea, hasa upande wa nje, na kukiwa na mabaka kwenye ngozi yasiyosikia mguso, huo unaweza kuwa ukoma, na dawa za ukoma ni za bure tangu mwaka 1995. Ngazi ya tatu ni daktari wa ngozi: upara wenye kovu, upara unaounguza, vidonda vyekundu vya kichwani na masikioni vinavyozidi kwa jua, na ugonjwa wowote ambao umetibiwa vizuri kwa miezi mitatu bila kubadilika.

Kuna pia upara wa duara, laini kama yai, usio na magamba, unaotokea ghafula. Watu wanasema ni uchawi au popo amepita. Ni mwili wenyewe unaoshambulia mizizi yake. Hauambukizi, na mara nyingi nywele zinarudi zenyewe. Ukienea, daktari wa ngozi ana la kufanya. Na baba anayepoteza nywele juu ya paji la uso na utosini kama baba yake alivyozipoteza hana ugonjwa. Iko dawa ya kupaka inayoitwa minoksidili ambayo inasaidia baadhi ya watu, lakini siku ya kuiacha, faida yake inapotea. Kabla ya kuinunua, ahesabu feza za miaka, asihesabu za mwezi mmoja.

Kumtambua mtaalamu wa kweli si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Anagusa kichwa kabla ya kutaja bei. Anauliza juu ya mwili wote: homa, uzazi, chakula, dawa unazomeza. Anataja ugonjwa kwa jina na anakubali kuuandika. Dawa yake ina jina kwenye ordonansi, na inaweza kununuliwa kwa mtu mwingine asiye yeye. Anasema itachukua muda gani na urudi lini. Anajua kusema "hapa ninafika mwisho." Akijiita daktari, ana namba katika Ordre des médecins, na kumwuliza namba hiyo si kumkosea heshima. Neno mtaalamu wa nywele, au lile jipya la trikologi linalosikika kwenye matangazo ya simu, si lazima limaanishe kwamba mtu alisoma udaktari.

Anayeahidi kwamba dawa moja inaponyesha vichwa vyote hajaona kichwa chochote.

Vinyozi nao wana sehemu yao. Wembe mmoja kwa kichwa kimoja. Mashini isuguliwe na kutiwa dawa ya kuua vijidudu kati ya mteja na mteja, maana kwa damu kidogo tu hepatiti B inaweza kupita. Mteja anayekwenda na wembe wake hapaswi kuchekwa.

Mama wa Masisi alinunua vidonge vya kijana kwa nusu. Kitengo cha utapiamlo kilikuwa na chakula cha karanga, lakini griseofulvini ilikuwa imekwisha kituoni, ikabidi aende farmasi na ordonansi mkononi. Alichukua ya majuma matatu, akazifunga dola 9 zilizobaki kwenye pembe ile ile. Juma la tatu lilipokwisha, kichwa cha kijana kilikuwa safi, nywele fupi zimeanza kuota, na nyumbani unga ulikuwa umekwisha. Kijana alisema mwenyewe: "Mama, mimi nimepona." Mama alisimama siku mbili kati ya vidonge na unga. Mwenye parsele alimpa debe la unga kwa deni, na mama akaenda farmasi. Muganga alikuwa amemwambia: magamba yanaondoka kabla ya kuvu.

Miguu ya msichana ilipungua ndani ya majuma mawili, na alipopungua kilo kwanza mama alishituka, mpaka alipoelezwa kwamba ni maji yaliyotoka. Nywele zake bado ni nyekundu kwenye ncha. Karibu na ngozi zinatoka nyeusi.

Anayekusudia kwenda kuonyesha kichwa, afumue msuko siku moja kabla. Asipake mafuta asubuhi ile, yanaficha magamba. Abebe kila tubu na kila kidonge alichotumia, hata maboksi matupu. Kama ana simu, apige picha mahali penye mwanga wa mchana, ili mwezi ujao aweze kulinganisha. Na awachukue watoto wote wa nyumba, pamoja na yule ambaye anaonekana hana kitu.